Mwosha wa Siyu na Kitambaa cha Kushushia Ndege

Amini bin Barka hakuwahi kupanda ndege. Alichokijua kuhusu ndege ni namna ya kuishusha, na hicho nacho, kwa msimu mzima, alikijua kwa makosa.

Alikuwa mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti, kuwavisha sanda na kuwachimbia makaburi. Si kazi inayomletea mtu wageni. Watu walimwamkia kwa adabu, kisha wakapita upande wa pili wa njia. Mkewe, Swafiya, alikuwa na mzaha wake kuhusu hilo. "Mume wangu hana adui," alikuwa akisema. "Nani atagombana na mtu atakayemvua nguo siku ya mwisho?"

Mwanzoni mwa mwaka 1916, kaskazi ikivuma, kikosi kidogo cha ndege za upelelezi kiliteremshwa kisiwani Manda, kwenye uwanda ulio nyuma ya Ras Kitau. Vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa mbali upande wa kusini, lakini wakubwa waliamini kwamba meli ya adui ingeweza kujificha katika vijito vya mikoko vya visiwa hivi. Ndege zilikuwa mbili, za mbao, waya na kitambaa. Kazi yao haikuwa kupiga bali kutazama. Ziliruka asubuhi, zikazunguka Pate na Ndau mpaka karibu na Kiunga, zikarudi na habari ya kilichoonekana, ambacho kwa kawaida kilikuwa maji na miti.

Kikosi kilihitaji watu wa kufyeka miba, na Amini akaenda pamoja na wanaume wengine wa Siyu. Kilihitaji pia mtu anayevijua vijito, wa kukaa kiti cha mbele cha ndege na kumwonyesha mrushaji kwa mkono. Akachaguliwa Husseini wa Faza, mkata boriti aliyekulia mikokoni. Husseini alikuwa mume wa Umi, mtoto pekee wa Amini na Swafiya, na Umi alikuwa mjamzito.

Ndege ikiwa angani haina wa kumwuliza. Kwa hiyo kambi ilikuwa na vitambaa viwili vyeupe, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vya kutandikwa mchangani ili mrushaji ajue atue vipi. Watu kadhaa walijaribiwa, na vitambaa vikajikunja, vikapinda, vikainuliwa na upepo. Amini alipopewa, alivitandika bila kunyanzi hata moja. Mikono yake ilikuwa imezoea nguo nyeupe.

Mkubwa aliyemfundisha alikuwa Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Ndevu. Alikinyoosha kitambaa kirefu kuelekea kaskazini, kisha akakiweka kile kifupi kukingama kwenye ncha yake ya kaskazini. Akaelekeza kwa fimbo na kusema maneno machache. Mkalimani alikuwa Obeid, kijana wa nyumba kubwa ya mji wa Lamu, ambaye hakukanyaga uwanda ule bila mwavuli.

"Asema ndege ikisharuka, utandike hivi hivi, na uweke mawe. Ikitua, ukunje."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Au huko Siyu hamjui maana ya hivi hivi?"

"Twaijua, bwana. Ni kwenu Amu ndiko hivi hivi hubadilika kila siku."

Baada ya siku chache Bwana Ndevu alipanda meli kwenda kusini kwenye vita vyenyewe, na hakurudi. Hakuna aliyemwambia Amini neno juu ya upepo, naye hakuona la kuuliza. Kwake vitambaa vile vilikuwa wazi kabisa. Katika visiwa hivi kibla kiko kaskazini. Maiti anaposaliwa, jeneza huwekwa mbele, limekingama, upande wa kibla, na watu husimama safu nyuma yake. Kitambaa kifupi kilikuwa na urefu wa mtu. Kile kirefu kilikuwa mahali pa wanaosali. Aliona Wazungu nao wana akili: mtu anayening'inia kati ya mbingu na nchi wamemwekea alama ya sala ya maiti, ili akumbuke anakoshukia.

Kwa bahati, kaskazi nayo ilitoka upande huohuo. Ndege hutua ikiukabili upepo, na kitambaa kifupi ndicho kinachomwambia mrushaji upepo unatoka wapi. Msimu ule wote Amini alitandika kuelekea kibla, warushaji wakatua kuelekea upepo, na hakuna aliyejua kwamba wamekutana njiani tu.

Watu wa Shela waliovuka kuja kutafuta kuni walikiona kile cheupe kutoka mbali, katikati ya uwanda usio na kitu.

"Amini, wamtandikia nani?"

"Anayerudi."

"Na asiporudi?"

"Nguo iko tayari."

Walicheka, lakini hawakukaa. Palikuwa na jambo katika uwanda ule ambalo wachache walilisema kwa sauti. Kunguru na korongo waliacha nyayo kila mahali, ila mchanga wa nyuma ya kitambaa kifupi, pande zote mbili za kile kirefu, ulibaki laini, asubuhi na jioni, kama uliofagiliwa. Mbwa wa kambi alizunguka mbali kuufikia mtungi wa maji. Mmoja wa warushaji alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akitembea, na watu wakamwita Bwana Mluzi. Amini alimwomba Obeid amwambie aache.

"Nimwambie wafu hawapendi?"

"Mwambie walio hai hawapendi."

Obeid alifasiri. Bwana Mluzi alicheka, akamgusa Amini begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku moja Husseini alishuka kwenye ndege. Alinawa mafuta ya mashine usoni, akaketi kando ya baba mkwe wake.

"Baba, uwanda huu si mtupu."

"Una nini?"

"Ukiwa chini ni mchanga na miba. Ukiwa yuu asubuhi, jua likiwa limelala, waona mistari. Makaburi, baba. Safu kwa safu, mpaka kwenye mikoko. Sijui ni ya mji gani uliokufa. Na kitambaa chako kifupi kiko mbele yao, wao nyuma, kama wamekuja kusali."

Amini aliutazama uwanda. Alikuwa amechimba makaburi maisha yake yote na hakuona dalili hata moja.

"Wameelekea wapi?"

"Kunako kibla. Wote. Na safu ya kwanza ina pengo, nafasi ya mtu mmoja, imenyooka na mnara wa msikiti wa Shela. Kila nikipita na kutazama, mato yangu huenda pale."

"Usimwambie Umi."

Husseini hakumwambia, lakini Umi alikuwa na hofu yake mwenyewe. Amini alipokwenda Siyu kwa mapumziko, binti yake alimtilia maji ya kunawa na kubaki ameshika birika.

"Baba, huyu Husseini akiruka, mimi sina la kufanya. Mama hana la kufanya. Wewe ndiye unayemshusha."

"Mungu ndiye anayemshusha."

"Najua. Lakini kitambaa watandika wewe." Aliweka mkono tumboni. "Sitaki mwanangu azaliwe apewe jina la babake maiti."

Tangu siku hiyo Amini alitandika kwa uangalifu zaidi. Alipima kibla kwa kivuli cha kijiti. Alikuwa mtu mwenye bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoua.

Kaskazi ilikatika, zikaja siku za upepo usio na mwenyewe, kisha kusi ikaanza. Siku ya kwanza kusi ilipovuma kwa nguvu, Bwana Mluzi aliruka peke yake kujaribu mashine. Amini alitandika kuelekea kibla. Ndege ilirudi, ikakiona kitambaa, ikaja kutoka kusini na upepo mgongoni. Iligusa mchanga ikiwa na mbio isiyo ya kawaida, ikapita kitambaa, ikapita mafundi waliokuwa wakipunga mikono, ikaingia mikokoni na kupinduka. Walipomtoa Bwana Mluzi alikuwa hai bado. Midomo yake ilikuwa imechongoka, kama anataka kupiga mluzi, na hivyo ndivyo alivyokufa.

Mkuu wa kambi alisema ni injini. Akaagiza afunikwe, na nguo iliyokuwa karibu ilikuwa kile kitambaa kifupi. Maiti alisafirishwa kwa mashua. Kitambaa kilifuliwa, kikaanikwa, kikarudishwa kwa Amini.

"Mwambie mkuu," Amini alimwambia Obeid, "nguo hii imemfunika maiti. Haitandikwi tena."

Obeid alifasiri, akasikiliza jibu. "Asema nguo ni nguo. Asema nyingine haipo mpaka meli ije."

"Huyu atakayerudi atashuka juu ya nguo ya mwenziwe?"

"Asema ni safi."

Ilikuwa safi. Lakini Amini, aliyeijua nguo nyeupe kwa ncha za vidole, alieleza baadaye kwamba kila alipoikunja aliikuta nzito katikati.

Kwa majuma kadhaa hakuna kilichoruka. Ndege iliyobaki ilikuwa ikitengenezwa na mrushaji mpya alikuwa njiani. Alipofika, kusi ilikuwa imekomaa. Hakuyajua maji ya Manda wala uwanda wake, na mkuu alimwagiza afuate kitambaa, asibahatishe. Asubuhi ya kwanza akaruka na Husseini mbele yake. Mafundi waliisukuma ndege, wakaielekeza wenyewe, na ilipokwisha kupaa wakaenda zao Ras Kitau kupakua madebe ya petroli maji yakiwa yamejaa. Amini alibaki peke yake. Akatandika kuelekea kibla.

Obeid alifika jua likiwa limepanda, mwavuli wake umepinduliwa na kusi na vijiti vyake vimetoka nje. Aliketi kwenye debe tupu na kujaribu kuunyoosha.

"Huyu Mzungu mpya anapenda maneno," alisema. "Njia nzima kwenye mashua anasema peke yake. Kumbe ndege ni kiumbe cha ajabu. Haitui upepo ukiwa nyuma, hata siku moja. Lazima iukabili. Ndiyo maana ya vitambaa vyako."

"Vipi?"

"Hukuambiwa? Kile kifupi kiko upande unakotoka upepo. Akikiona, anakwenda mbio kukielekea."

Amini alikuwa amesimama akikitazama kitambaa kifupi. Upepo ulikuwa ukimpiga kisogoni.

Kisha akauliza, "Na kikiwekwa kinyume?"

"Basi atakwenda kama yule..." Obeid aliacha. Alikitazama kitambaa, akaitazama kanzu yake mwenyewe, ambayo upepo ulikuwa ukiivuta kuelekea kaskazini. "Amini. Nani alikwambia ukiweke huko?"

"Wewe, bwana. Ulisema hivi hivi."

Mlio wa ndege ulisikika upande wa magofu ya Takwa.

Alilopaswa kufanya lilikuwa dogo: kukiinua kitambaa kifupi kutoka ncha ya kaskazini na kukipeleka ncha ya kusini. Mtoto angeweza. Lakini Amini aliona jeneza, na kulitoa jeneza mbele ya wanaosali na kuliweka nyuma ya migongo yao ni jambo ambalo hakuna mwosha wa Siyu aliyewahi kulifanya au kulisikia. Na wanaosali walikuwapo. Husseini alikuwa amewaona.

"Nikiligeuza nitawageuza," alisema.

"Utawageuza nani? Hapa hapana mtu!"

Ndege ilionekana juu ya mikoko, ndogo, ikizunguka kuja kutoka kusini. Katika kiti cha mbele palikuwa na kichwa cha mtu.

Amini alikwenda kwenye kitambaa kifupi, akayapiga mawe teke, akajitwika ncha moja begani. Hakikuinuka. Obeid, aliyekuwa hajawahi kushika kazi ya mikono kambini, alieleza miaka mingi baadaye kwamba hakuamua lolote. Alimwona mtu mmoja chini ya jeneza, na mtu aliyelelewa vyema akiona hivyo hutia bega. Aliuacha mwavuli ukaruka. Akashika ncha ya pili. Wakakichukua kitambaa kwa hatua za mazishi, maana Amini hakuijua hatua nyingine, wakipita pembeni mwa kile kirefu, wakiwapita waliosimama huko, mpaka ncha ya kusini. Obeid alisema kilikuwa na uzito wa mtu mzima, na kwamba njiani, karibu kabisa na sikio lake, alisikia mluzi. Yaweza kuwa upepo katika waya za ndege. Ndege ilikuwa bado mbali.

Walikiweka chini. Hakukuwa na mawe, Amini akalala upande mmoja wa kitambaa na Obeid akakalia mwingine.

Ndege ilikuwa imeshuka kiasi cha kuonekana magurudumu. Ikasita, ikanguruma, ikapita juu yao ikiwatupia mchanga, ikazunguka kule kaskazini, ikarudi ikiukabili upepo. Ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikasimama.

Husseini alishuka mwenyewe. Alitembea mpaka alipokuwa baba mkwe wake, akamwinua, akamkung'uta mchanga kifuani kama mtoto. Akangoja mrushaji aondoke.

"Baba, ulifanya nini?"

"Nimekushusha."

"Nilikuwa nawaona. Leo si mistari, leo ni watu, wamesimama. Nikadhani ni jua machoni. Mkachukua kile kitambaa, mkapita nacho. Wakageuka. Safu zote kwa mara moja, kama wanaofuata imamu. Wakatazama kusini, na pengo lao likageuka nao."

Obeid aliondoka bila kuaga. Amini alikwenda kumwita baadaye, ili amweleze mkuu wa kambi kwamba Bwana Mluzi hakuuawa na injini.

"Hilo sitalifasiri," Obeid alisema. "Injini haina mke wala watoto. Iache ibebe lawama."

Jioni ile, mafundi walipokwisha kuifunika ndege, Amini alirudi uwandani peke yake. Akavitandika vitambaa upya, kifupi upande wa kaskazini, akasimama kidogo, akavikunja. Tangu hapo ndivyo alivyofanya kila siku ya kusi: mchana alitandika kufuata upepo kwa ajili ya Husseini, jioni kufuata kibla kwa ajili yao. Mafundi walimwona na kumdhani amerukwa na akili kidogo, jambo ambalo halikuwasumbua, maana ndege ilitua salama.

Kabla mwaka haujakwisha kikosi kilivunja kambi na kufuata vita kusini. Kiliacha madebe, mbao, na vile vitambaa viwili ambavyo hakuna aliyevitaka. Umi alijifungua mtoto wa kike, akamwita Mwanamkisi. Husseini alirudi mikokoni kukata boriti na hakutaka tena kusimama mahali palipoinuka. Hata darini hakupanda.

Amini hakupata amani ya namna hiyo. Habari ilikuwa imefika Siyu kwamba aliliweka jeneza nyuma ya wanaosali, na baadhi ya jamaa wakaanza kuita mwosha kutoka mji wa Pate. Swafiya alijibizana nao kisimani. "Angeliacha lilipo," aliwaambia, "mngepata maiti ya kuosha wenyewe." Amini hakujitetea. Kila kusi ilipoanza aliomba nafasi kwenye mashua ya Manda, akavuka na vitambaa kwapani, akavitandika kuelekea kibla katika uwanda ambao hakuna ndege iliyokuja. Aliulizwa kwa nini. Alisema upepo ukibadilika wao husahau kibla, na aliyewafundisha kugeuka ni yeye.

Mwishoni mwa 1918 homa kubwa iliingia visiwani. Waliomkataa walimwita, maana mwosha wa Pate alikuwa wa kwanza kufa. Nguo nyeupe ilikosekana madukani, na Amini akakikata kile kitambaa kirefu, sanda baada ya sanda, mpaka kikaisha. Kile kifupi hakukikata. Homa ilipomfikia yeye, alimwita Husseini.

"Usinizike hapa," alisema. "Wale wa Manda walijua tangu mwanzo kwamba nafasi ni yangu. Wewe wajua ilipo."

"Nilijua nikiwa yuu, baba."

"Basi kumbuka."

Alipokufa walimvusha hadi Manda akiwa amevishwa kitambaa kile kifupi. Watu walikuwa wachache, maana wengi walikuwa wagonjwa: Husseini, Obeid aliyekuja kutoka Lamu bila kuitwa, mwalimu mmoja na wanaume wawili wa kushika majembe. Jeneza liliwekwa mbele, upande wa kibla. Mwalimu alipowageukia kuwataka wanyooshe safu, alikaa akitazama nyuma yao muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa watu wanne, kisha akageuka haraka na kuanza.

Husseini alitembea uwandani mpaka akauweka mnara wa Shela mahali alipoutaka, akapiga kisigino. Wakachimba. Kulia jembe liligonga jiwe la kaburi la zamani, na kushoto likagonga jiwe. Katikati udongo ulikuwa mlaini, na jembe liliingia bila sauti.